Je, wajua? Waya unaokaribia kukatika unaweza kuonyesha volti 12

Waya wa redio ya gari uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba unaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita. Mita haivuti umeme wa maana, hivyo uzi huo unaitosha. Redio yenyewe ni mlafi. Sauti ikipandishwa hadi redio ivute ampea 10, ukinzani wa nusu ohm tu hula volti 5. Redio inazima. Fundi anapima tena: 12! Ndiyo maana wazoefu hufunga balbu ya taa ya mbele kwenye waya huo. Ikififia, mwizi kapatikana.

Waya wa njano kwa kawaida hubeba umeme wa kumbukumbu, mwekundu hufuata swichi. Wa njano ukilegea, saa na stesheni hufutika.

Redio inayozima juani na kupona jioni mara nyingi ina ufa kwenye lehemu, mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho. Joto huutanua, baridi huufunga. Kofi la dereva juu ya dashibodi, basi, ni kipimo halali kabisa. Ila si tiba.

Na kabla ya kufungua chochote: redio nyingi zilizokuja na magari ya Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90 pekee. Stesheni ya 98 haitasikika hata nyaya zote zikibadilishwa.