Pikipiki ya Zamani Katika Hewa ya Likasi

Mtu akisikia habari ya mashindano ya pikipiki, mara hufikiri mbio: vumbi, kelele, na kijana aliyeinamia usukani ili ampite mwenzake. Lakini yako mashindano mengine, ambayo mshindi wake aweza kwenda polepole kuliko mtu atembeaye kwa miguu. Asili yake ni Uingereza, na yale mashuhuri ya Uskoti yalianza mwaka 1909. Kila mpanda pikipiki huonyeshwa vipande vifupi vya njia mbaya, yaani mawe, mizizi, tope au kijito chenye utelezi, naye hupita peke yake huku mwamuzi akimtazama miguu. Akigusa chini kwa mguu mara moja huandikiwa alama 1 ya kosa. Mara mbili, alama 2. Mara tatu au zaidi, alama 3. Naye akishindwa kumaliza, alama 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi.

Basi, injini ifaayo kwa kazi hiyo ni ile yenye utii, maana nguvu ijayo kwa kishindo humtupa mtu majini. Mwaka 1964 kiwanda cha Bultaco, karibu na Barcelona katika Hispania, kilimwita Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, asaidie kutengeneza pikipiki ya namna hii. Hata siku zile alikuwa akishinda kwa Ariel, pikipiki ya Kiingereza ya mipigo minne na sentimita za ujazo 500. Mashine mpya, Sherpa T, ilikuwa ya mipigo miwili, injini yake nusu ya ile, na uzito wake chini ya kilo 100. Mwaka 1965 Miller akashinda nayo mashindano ya siku sita ya Uskoti, na mashine nzito za zamani zikaanza kuonekana kama ng'ombe mbele ya mbuzi mlimani. Bultaco ilifungwa mwaka 1983, lakini pikipiki zake zingali zikishindanishwa huko Ulaya katika mashindano ya mashine za kale.

Msomaji wa Likasi atauliza habari hiyo yamhusu nini. Yamhusu kwa kuwa injini ya mipigo miwili haiachi tabia yake kwa kubadili jina. Yamaha AG 100, iliyowabeba wauguzi na watumishi wa misioni katika nchi nyingi za Afrika, ni ya ukoo ule ule; na fundi ajuaye kuitengeneza Sherpa T kwa mashindano aweza kumfaa sana muuguzi ambaye mashine yake yakohoa njiani.

Tena liko jambo ambalo kitabu cha kiwandani hakiwezi kulijua. Barcelona iko kando ya bahari. Mji wetu uko karibu mita 1,300 juu yake. Katika kimo hiki hewa ni nyepesi, imepungua karibu sehemu moja katika nane. Kabureta haina habari ya jambo hilo: yaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea, na injini hupata chakula kingi na pumzi kidogo. Moshi huzidi, buji huwa nyeusi, na mashine husitasita pale hasa mpanda anapotaka ivute taratibu. Wengi humlaumu muuza petroli, na pengine kwa haki! Lakini kwanza mtu afungue kabureta. Ndani yake mna kijiti cha shaba chenye kitundu kilichoandikwa namba. Ikiwa kitabu chasema 160, na ajaribu 150. Ni ajabu kwamba katika mji unaosafisha shaba kwa maelfu ya tani, injini nzima yaweza kushindwa kwa ajili ya kipande cha shaba kisichozidi ncha ya kidole.

Hata hivyo kitundu hicho kikubwa hutawala pale tu mpanda anapofungua gesi yote, na katika mashindano haya ni mara chache afanyapo hivyo. Kazi yote iko katika robo ya kwanza ya mkono. Hapo wanatawala wengine: kitundu kidogo, skrubu ya hewa, na sindano. Katika kabureta ya Amal, skrubu hiyo hufungwa mpaka mwisho pasipo kukaza, kisha hurudishwa mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiisha kupata moto, izungushwe kidogo kidogo mpaka mlio uwe safi na sawa. Kuirudisha nje huongeza hewa. Sindano nayo ina mifuo juu yake: kipini kikipandishwa mfuo mmoja, sindano hushuka, na petroli hupungua. Badili kitu kimoja tu kwa mara moja, ukajaribu kilimani kabla ya kugusa cha pili. Na usifanye kazi hiyo alfajiri ya Julai, wakati wa baridi kali, ukidhani umemaliza. Joto la Oktoba litakurudisha mezani.

Mashine ya miaka sitini ina ugonjwa mwingine unaowadanganya hata mafundi. Kwenye ncha za mhimili wa injini mna pete za mpira zizuiazo hewa. Mpira hukauka kwa uzee, hewa ya wizi huingia, injini yalia kwa kasi hata gesi ikiwa imefungwa, na buji huwa nyeupe. Kucheza na kabureta hapo ni kupoteza siku. Pistoni itapata moto, itang'ang'ania silinda, na silinda ya kiwanda kilichofungwa haiagizwi kwa urahisi. Pete mpya ni za bei ndogo. Zibadilishwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Mafuta ya kulainisha huchanganywa ndani ya petroli. Pikipiki nyingi za miaka ya 1960 zilitaka sehemu 1 kwa 20, yaani robo lita katika lita 5. Mafuta bora ya leo huruhusu 1 kwa 40, ndiyo nusu yake. Wengine huona kwamba kuongeza mafuta hakuwezi kudhuru. Lakini kila tone la mafuta huchukua nafasi ya petroli, na mchanganyiko wenyewe hugeuka.

Vumbi letu jekundu la kiangazi lakata chuma kama tupa. Chujio la sifongo lioshwe, likaushwe, lipakwe mafuta upya, na likianza kumong'onyoka litupwe. Platini za umeme ziachane karibu milimita 0.4. Waya wa gesi, ambao watu huusahau, utiwe mafuta mpaka mkono usisikie kukwaruza hata kidogo. Waya unaoshika kisha kuachia ghafula umewapa watu alama nyingi za makosa kuliko mawe.

Matairi ndiyo yatakayomshangaza msomaji. La nyuma hutiwa upepo wa kilo 0.3 tu, la mbele 0.4 au zaidi kidogo, ili mpira ulalie jiwe na kulishika. Kwa hiyo lazima kuwe na vishikizo vya kulibana tairi kwenye ringi, la sivyo gurudumu litazunguka ndani yake na kung'oa kinywa cha upepo. Asithubutu mtu kwenda na upepo huo katika barabara kuu ya Lubumbashi.

Na mwenye kuipeleka mashine yake Kalemie, kando ya ziwa, ambako kimo ni mita 773, akumbuke kwamba hewa huko ni nzito zaidi. Kile kijiti cha shaba alichokitoa Likasi akifunge kitambaani asafiri nacho, akirudishe mahali pake kabla ya kuiwasha.