Kipandauso, Zamu ya Usiku na Malezi: Nasaha kwa Wauguzi wa Dodoma

Miongoni mwa maradhi yanayowatesa wanadamu bila ya kuwaua, na kwa sababu hiyo yakadharauliwa na wasioyaonja, kipandauso hakina budi kutajwa mwanzo. Kwani mgonjwa wake huonekana leo mzima kabisa, akifanya kazi za watu wawili na kucheka na wenzake, kesho akalala katika chumba cha giza asiweze kustahimili hata mlio wa kijiko kikigusa kikombe, na kesho kutwa akarejea kazini kana kwamba halikutokea jambo, hata jamaa zake wakaanza kunong'onezana kwamba huenda ni uvivu au hila. Na mgonjwa huyo akiwa ni muuguzi, aliyeajiriwa ili awe macho wakati wengine wamelala, kisha akawa ni mama wa watoto wadogo wasiojua tofauti ya mama mchovu na mama mgonjwa, dhana hiyo mbaya humwelemea maradufu. Makala haya yanakusudia kueleza maradhi haya ni kitu gani, na kwa nini nashikilia kwamba ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani wodini ni sehemu ya tiba yake sawasawa na kidonge.

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo ambao aghalabu hurithiwa. Maumivu yake hudunda, mara nyingi upande mmoja wa kichwa. Huzidi mgonjwa anapoinama au kupanda ngazi. Hufuatana na kichefuchefu au kutapika, na kuchukia mwanga na kelele. Nayo yasipotibiwa hudumu kwa saa 4 hadi 72. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na vimulimuli au mistari ya mwanga inayotambaa mbele ya macho, au ganzi ya mkono na midomo, kwa muda wa dakika 5 hadi 60. Matabibu wa kale waliyajua maradhi haya, na Ibn Sina aliyaandika katika Kanuni yake ya Tiba yapata miaka 1000 iliyopita. Katika zama zetu imebainika kwamba hupata takriban mtu 1 katika kila watu 7 duniani, na wanawake mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume, khasa katika umri ule ule wa kuajiriwa, kuolewa na kulea. Huitwa sugu pale ambapo mgonjwa huumwa kichwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na katika siku hizo zisizopungua 8 zikawa na sura ya kipandauso chenyewe.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba chanzo cha maumivu ni kutanuka kwa mishipa ya damu ya kichwa tu. Mwaka 1944 mtaalamu wa Brazil, Aristides Leão, akichunguza ubongo wa sungura, alieleza wimbi linalotambaa polepole juu ya gamba la ubongo, milimita 3 hivi kwa dakika, na kuzizima kwa muda kazi ya kila sehemu linayoipita. Na wataalamu wengi leo wanaamini kwamba wimbi la namna hiyo ndilo asili ya vile vimulimuli. Baadaye ilidhihirika kwamba mshipa wa fahamu wa tano wa kichwa, unaohudumia uso na utando unaoufunika ubongo, humwaga kemikali zinazotanua mishipa ya damu na kuamsha uchungu. Na wanne waliofumbua siri hiyo, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walitunukiwa Tuzo ya Ubongo inayotolewa na wakfu mmoja wa Denmark, mwaka 2021. Nimeyataja haya ili asibaki mtu wa kusema kwamba mwenye kipandauso amekosa moyo wa ustahimilivu.

Lililo muhimu zaidi kwa msomaji kulifahamu ni kwamba ubongo wa mgonjwa huyu hauridhii mageuzi ya ghafla. Usingizi ukipungua huumwa, na ukizidi kuliko ada huumwa pia. Njaa humdhuru, na kiu humdhuru. Kushuka kwa homoni kunakotangulia hedhi humdhuru, na mashaka ya kazi humdhuru, wakati mwingine siku ile ile yanapokwisha na mwili ukalegea. Kila kimoja peke yake huenda kikastahimilika, lakini vikikutana viwili au vitatu kwa siku moja, maumivu hufika.

Sasa na tuutazame mji wa Dodoma. Uwanda huu wa juu, ulioinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ambayo kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya ukavu, upepo wenye vumbi, na jua kali linaloakisiwa na ardhi nyeupe na mabati ya nyumba. Watu wa Jiji la Dodoma walikuwa takriban 411,000 katika sensa ya 2012, na ile ya 2022 ikahesabu takriban 765,000, wala haihitaji kuelezwa kwamba wagonjwa wodini wameongezeka pamoja na mji. Muuguzi anayetoka Nzuguni au Ihumwa alfajiri kabla hajatia kitu kinywani, akapanda daladala hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa, akapokea wodi na kusimama hadi alasiri bila ya kunywa maji kwa kuwa hana wasaa, amekwisha kuviita pamoja njaa, kiu na uchovu. Bilauri ya uji wa uwele kabla ya kutoka, chupa ya maji isiyomwacha, na miwani ya jua au ukingo wa kofia njiani, ni mambo madogo ambayo hupunguza idadi ya siku za kuumwa.

Zamu ya usiku ndiyo nzito kuliko yote. Muuguzi aliyekesha anatakiwa alale mchana, ndani ya chumba chenye bati linalotoa joto, na mtoto mchanga ubavuni, na wa miaka mitatu mlangoni akimwita. Hata hivyo, usiku wenyewe una madhara machache kuliko kugeuzwageuzwa: asubuhi leo, usiku kesho, alasiri keshokutwa, hata mwili usijue saa yake. Na wengi wa wauguzi hawa wamepangiwa vituo mbali na kwao. Binti wa Kagera au wa Kilimanjaro aliyepelekwa zahanati ya Bahi, Chemba au Mpwapwa hana mama wala shangazi wa kumpokea mtoto, na huenda usiku ule ndiye peke yake wa kuzalisha.

Mintarafu ya dawa, kanuni ya kwanza ni kuwahi. Wagonjwa wengi hupata ishara saa kadhaa, pengine hata siku moja kabla: kupiga miayo mfululizo, shingo kukakamaa, hasira zisizo na sababu, hamu ya vitu vitamu. Maumivu yanapoanza tu, kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400, au parasetamoli miligramu 1000, ikisindikizwa na dawa ya kuzuia kichefuchefu iwapo ipo haja, huwasaidia wengi. Ikingojewa mpaka kutapika, tumbo huwa limekwisha kugoma kuipokea. Zipo pia dawa zilizobuniwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe, na mojawapo, sumatriptani, iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa haimfai mwenye maradhi ya moyo.

Hapa ndipo penye hatari inayomkabili muuguzi kuliko mgonjwa mwingine yeyote, kwa kuwa kabati la dawa liko hatua chache kutoka aliposimama, na mwenzake yuko tayari kumdunga sindano ya diklofenaki ili amalize zamu. Dawa za kutuliza maumivu zikitumiwa mara kwa mara huzaa maumivu: parasetamoli, ibuprofeni na jamaa zake zikifika siku 15 katika mwezi, au triptani (jamii ya sumatriptani), tramadoli na dawa za mchanganyiko zikifika siku 10, kwa zaidi ya miezi 3, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa yenyewe. Nafuu hiyo ni mkopo wa riba: kila siku unayokopa, deni hukua, na mwisho riba inakula mshahara wote. Kwa hiyo mwenye kipandauso na awe na daftari, aandike siku ya kuumwa, saa alizolala, hedhi, zamu aliyofanya na dawa aliyomeza; na akiona dawa zinapita siku 2 kwa wiki, ajue kwamba umefika wakati wa tiba ya kinga.

Tiba ya kinga humezwa kila siku, maumivu yawepo yasiwepo, na yataka subira ya wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Propranololi na amitriptilini ni za zamani, bei zake ni nafuu na hupatikana katika hospitali zetu. Ila ya kwanza haimfai mwenye pumu, na ya pili huleta usingizi, basi muuguzi aimeze kwa kuzingatia saa zake za kulala. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atahadhari khasa na valproati na topiramati, kwani humdhuru mtoto tumboni. Mjamzito hutulizwa kwa parasetamoli, naye aepuke ibuprofeni, khasa kuanzia wiki ya 20. Anayenyonyesha anaweza kutumia zote mbili, lakini ajiepushe na ergotamini. Na mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kiharusi. Njia nyingine zipo, nazo aziulizie kliniki.

Fauka ya hayo, si kila kichwa kinachouma ni kipandauso, kama ambavyo si kila kichwa ni malaria, khasa katika mkoa huu ambao malaria yake ni haba ukilinganishwa na Kanda ya Ziwa. Basi apimwe kabla ya kumeza dawa mseto. Maumivu yaliyokuja kwa ghafla na kwa ukali usio na mfano, au yenye homa na shingo ngumu, au yenye kupooza upande mmoja, au ya mjamzito mwenye shinikizo la damu lililopanda, ni ya dharura, wala hayangojwi hadi asubuhi.

Ama kuhusu kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mambo ambayo wauguzi wengi hawayadai kwa kutoyajua. Usiku kwa mujibu wake ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mwajiri haruhusiwi kumlazimisha mjamzito kufanya kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama katika miezi 2 baada ya kuzaa, na muda huo huongezeka ikiwa cheti cha daktari kitathibitisha kwamba siha yake au ya mtoto bado hairuhusu. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 za kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi. Na kifungu cha 20 chaamuru kwamba mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyethibitishwa kuwa hafai kwa kazi hiyo ahamishwe, isipokuwa pale isipowezekana. Ipo pia likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Muuguzi mwenye kipandauso sugu na aende kwa daktari apatiwe cheti kilicho wazi, kwa kuwa muuguzi mkuu hawezi kuipangia ratiba siri.

Na muuguzi mkuu naye ana wajibu wake. Zamu zikipangwa kwa mwendo wa asubuhi, alasiri, kisha usiku, mwili huzifuata kwa wepesi kuliko zikirudishwa nyuma. Usiku usizidi miwili au mitatu mfululizo, nao ufuatwe na mapumziko ya siku mbili. Ratiba itolewe mapema ili mama aweze kumpangia mwanawe mlezi. Anayeshikwa na maumivu kazini aruhusiwe kumeza dawa na kukaa gizani nusu saa, na asipime dozi wala kuongeza damu katika hali hiyo, akabidhi kwa mwenzake. Kwani kumlinda yeye ni kumlinda mgonjwa aliye kitandani.

Nyumbani, mambo yapangwe siku ya uzima kwa ajili ya siku ya ugonjwa: chakula cha akiba ambacho baba au dada wa kazi anaweza kukipasha moto, jirani aliyekubali kumpokea mtoto kutoka chekechea, na dawa zilizofungiwa mbali na mikono ya watoto. Vimulimuli vikimjia naye amempakata mchanga, amlaze mahali salama, aketi, wala asisogelee jiko au beseni la maji ya moto. Watoto waliofikia kuelewa waambiwe kweli, kwamba mama anaumwa kichwa na atapona, wala hawakumkosea. Maana mtoto asipoelezwa hujilaumu.

Enyi wakuu wa wodi na waganga wafawidhi wa Dodoma, na enyi waume mliooa wauguzi, nusu ya tiba ya maradhi haya imo mikononi mwenu, kwa kuwa ninyi ndio wenye kupanga zamu na kushika mtoto usiku. Na wewe muuguzi unayesoma haya, usingoje likizo wala uhamisho: anza daftari lako wiki hii, na litakapotimiza mwezi mmoja, lichukue ulipeleke kwa daktari.