Buibui Ndani ya Sandarusi

Apekuaye majani makavu katika misitu ya Uluguru, milimani juu ya Mlali, hakosi kuona buibui wadogo wakitawanyika. Baadhi yao hawapatikani popote pengine duniani. Je, wahenga wao walikuwaje, na ni nani aliyetunza habari zao?

Buibui ana mwili laini. Afapo huoza upesi, na ni nadra kuacha alama katika mwamba. Mtunzaji wake bora ni utomvu wa miti. Utomvu huchuruzika kutoka katika jeraha la mti, humnasa, humfunika, kisha hukauka. Ukizikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka hugeuka kaharabu.

Kaharabu ya Burma imetupatia kiumbe cha ajabu, Chimerarachne yingi, kilichotangazwa mwaka 2018. Kiliishi yapata miaka milioni 100 iliyopita. Mwili wake, usiofikia milimita 3, una viungo vya kutolea nyuzi kama vya buibui. Lakini nyuma una mkia mrefu, ambao buibui wa leo hana. Basi yaelekea kwamba ustadi wa nyuzi ulitangulia, na mkia ukapotea baadaye.

Afrika Mashariki inayo hazina ya aina hiyo, ila ni changa zaidi: sandarusi. Hiyo hutoka katika msandarusi, Hymenaea verrucosa, mti wa misitu ya pwani. Mti uliotoa kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, ng'ambo ya Atlantiki, ulikuwa ndugu yake wa karibu. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa Mrima, ikapitia Unguja hadi Ulaya na Salem, Marekani, ikatengenezwa vanishi. Ile mbichi iliitwa chakazi, nayo ilikuwa na thamani ndogo. Wadudu na buibui waliokuwamo waliyeyushwa pamoja na shehena.

Wauzaji wengine huiita sandarusi kaharabu ili wapandishe bei. Mwanafunzi aweza kuzipambanua: tone la spiriti huufanya uso wa sandarusi unate, lakini kaharabu haidhuriki kwa urahisi. Hata hivyo ujana wa sandarusi si kasoro. Kaharabu husimulia viumbe vya kale mno. Sandarusi husimulia msitu kama ulivyokuwa kabla shoka halijaufikia.

Lakini yafaa kukumbuka kwamba utomvu huchagua. Huwanasa zaidi wale wapandao na kushuka shinani mwa mti unaovuja. Buibui akaaye chini ya majani makavu, katika msitu wa mlimani usio na msandarusi, hana wa kumhifadhi. Kwa buibui wa namna hiyo wa Uluguru, kumbukumbu pekee ni msitu wenyewe. Ukifyekwa kabla hawajachunguzwa, hakuna jembe litakalowafukua.