Kutoka Tunduma hadi Uhuru: hela zinaishia wapi

Kijana mmoja mwenye duka la vipuri vya malori hapa Tunduma, si mbali na geti la mpakani, aliniletea bei mbili kwenye simu yake. Ya kwanza: Kilimanjaro siku tano, laki sita, "kila kitu ndani". Ya pili: siku sita, milioni moja na nusu. Njia ni ileile ya Marangu, na anapanda peke yake. "Mzee, hawa wa pili si wananipiga?" Nikachukua daftari lake la madeni tukapiga hesabu nyuma ya ukurasa. Hesabu hiyo naileta hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayeulizia.

Tuanze na kiingilio, maana watu wengi wanadhani hapo ndipo hela zinapokwenda. Mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 70 kwa siku kabla ya VAT. Siku sita ni dola 420, na ukiongeza asilimia 18 unapata karibu dola 496. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa kuingia tu. Mtanzania ni shilingi 10,000 kwa siku, na VAT inaifikisha 11,800. Siku sita zote: 70,800. Nauli ya basi kutoka hapa hadi Moshi tu inakaribia hiyo. Kwa hiyo anayekwambia mlima ni ghali kwa sababu ya ada za hifadhi anakupa bei ya mzungu.

Gharama yetu iko kwenye migongo ya watu. Kilimanjaro haupandwi bila kiongozi mwenye leseni, na kiongozi hapandi na wewe mkiwa wawili tu. Kuna mpishi, na kuna wapagazi, ambao kule wenyewe wanajiita wagumu. Kiwango cha chini kilichowekwa kwa siku ni dola 20 kwa kiongozi, 15 kwa mpishi, 10 kwa mgumu. Kijana wangu akiwa peke yake atahitaji kiongozi, mpishi na wagumu watatu: dola 65 kila siku. Kwa siku tano ni dola 325, yaani shilingi 812,500.

Hapo akanyamaza. Kampuni ya laki sita haiwezi kulipa hata mishahara, achilia mbali kulala, chakula, gesi na gari la kumpeleka getini. Nani anafidia pengo hilo? Mgumu. Atapewa nusu ya posho yake, au ataambiwa asubiri bakshishi ya mteja. Au wagumu watatu watageuka wawili na mzigo utazidi kilo 20 ambazo mizani ya getini inaruhusu, ujanja ukishapita mizani. Nimemwona mtu na mtungi wa gesi begani, fungu la masufuria kichwani na begi la mteja mgongoni, viatu vyake ni raba za shule. Ukinunua safari ya namna hiyo umenunua na hilo.

Sasa ile ya milioni moja na nusu. Mishahara ya siku sita ni 975,000. Kiingilio 70,800. Jumla 1,045,800. Inabaki kama laki nne na nusu kwa vibanda vya kulala, chakula cha watu sita, usafiri na faida ya kampuni. Hawa hawampigi. Kwa mtu anayepanda peke yake, hiyo ni bei ya watu waliokaa wakafanya hesabu.

Dawa ni kutopanda peke yako. Mkiwa sita, chukulieni viongozi watatu, mpishi mmoja na wagumu 13: dola 205 kwa siku, ambazo zikigawanywa kwa sita na kuzidishwa kwa siku sita ni shilingi 512,500 kwa kichwa. Mishahara inashuka karibu nusu na hakuna aliyedhulumiwa. Kikoba, kwaya, chama cha madereva, watu sita hawakosekani mjini hapa. Kila mwaka kuelekea tarehe 9 Desemba pia kuna misafara ya pamoja ya kusherehekea Uhuru, kukumbuka mwenge uliowashwa kileleni mwaka 1961, nayo huwa na bei ya kundi. Desemba lakini mvua za vuli bado zinanyemelea. Mimi ningechagua kati ya Julai na Septemba: kukavu, na kwa wenzetu wa Mbozi ndio msimu wa fedha ya mazao.

Halafu siku. Tofauti ya tano na sita si usiku mmoja wa ziada wa kulala. Njia ya Marangu inakupeleka Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, 3,720, kisha Kibo, juu ya 4,700, na usiku huohuo wa manane unaondoka kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako hewa ya oksijeni unayoivuta ni kama nusu ya ile ya pwani. Siku hiyo ya ziada unaitumia Horombo: unatembea hadi kwenye miamba ya pundamilia, unarudi kulala chini, mwili unazoea. Kwa kundi la sita siku hiyo inaongeza kama laki moja na ushee kwa mtu. Ukiikata ukarudishwa Kibo unatapika na kichwa kinapasuka, umepoteza safari nzima. Punguza kingine chochote, siku hiyo iache.

Njia ya Machame ni nzuri zaidi kwa macho, nayo huteremka kwa njia nyingine, Mweka. Ila unalala kwenye hema, na hema, meza na viti hubebwa na watu, kwa hiyo wagumu huongezeka. Marangu ndiyo njia yenye vibanda na vitanda. Kwa mfuko wa Tunduma, Marangu.

Kufika Moshi ni kama kilomita 1,200 kupitia Iringa, Dodoma na Babati. Kwa viwango vya LATRA vya Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida, ni kama 58,000. Daraja la kati, 67.84, kama 81,000. Ndege zinaruka kutoka Uwanja wa Songwe, ambao licha ya jina uko Mbeya, lakini unapitia Dar es Salaam, na hela hiyo ingemlipia mgumu. Panda basi, fika siku moja kabla, ulale vizuri.

Kuhusu nguo tuna bahati ambayo Moshi wanaikodisha kwa siku. Koti la manyoya, suruali isiyopitisha upepo, glovu, vyote viko kwenye mitumba ya hapa na ya ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Viatu ndiyo viangalie. Mimi nilijinunulia buti zuri, ngozi safi, halijavaliwa sana. Siku ya pili, njiani kwenda Horombo, soli ilibanduka yote kama ganda la ndizi. Gundi ilishakauka miaka mingi ndani ya boksi. Mgumu mmoja akanifunga kwa kamba ya kufungia mizigo nikatembea hivyo hadi mwisho. Pinda soli kwa nguvu dukani kabla hujatoa hela, kisha livae wiki tatu kwenye milima ya Ileje.

Kama hata bei ya kundi ni nzito, Meru ipo, mita 4,566, siku tatu au nne, askari mwenye bunduki anatangulia kwa sababu ya nyati. Barafu haina. Rungwe, karibu mita 2,960, ni mazoezi ya siku moja na unarudi kulala nyumbani. Anayetaka mabonde yaliyochongwa na barafu ya kale, yenye maziwa madogo kila kona, aende Mlima Kenya hadi Lenana, mita 4,985, hapahitaji kamba. Rwenzori ni matope, mvua na safari ndefu mno kwetu.

Ila barafu yenyewe, ile unayoitazama kushoto ukitoka Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, kwenda Uhuru jua likichomoza, ni ya Kilimanjaro. Mwaka 1912 ilikuwa takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Kijana wangu amepata wenzake wanne. Wanatafuta wa sita, na siku zao ni sita.