Tanzania: Kopo la virutubisho na dawa za afya ya akili

Nchini Tanzania, mgonjwa wa sonona huandikiwa dawa hospitalini, ilhali virutubisho hujinunulia popote: dukani, mtandaoni au kwa jirani anayeuza kwa kamisheni. Hata usimamizi umegawanyika. Tangu mwaka 2019, dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na vyakula chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mwilini, hata hivyo, vyote hupita katika ini na figo zilezile.

Mmea wa kuogopwa zaidi ni haiperikamu, ambao juu ya makopo huandikwa St John's wort. Huuzwa kama kiondoa huzuni, na kwa sonona isiyo kali husaidia kweli. Hatari yake inatokana na nguvu hiyohiyo. Ukitumiwa pamoja na fluoksetini, kemikali ya ubongo iitwayo serotonini huweza kuzidi. Mgonjwa hutokwa jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, na hali ikiwa kali huweza kuua. Aidha, mmea huo huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, hivyo dawa nyingine, zikiwemo za kufubaza VVU na vidonge vya uzazi wa mpango, hupungua nguvu kimyakimya. Athari hiyo hudumu hadi wiki mbili baada ya kuuacha.

Lithiamu nayo haivumilii makosa. Kiwango cha tiba katika damu ni milimoli 0.6 hadi 1.2 kwa lita; kikipita 1.5, dalili za sumu huanza. Chai za kupunguza uzito zenye viambato vya kuongeza mkojo huondoa maji na chumvi, na figo hubaki na lithiamu ambayo zingeitoa. Muuzaji huahidi kilo, figo hazitaji.

Hata balungi, tunda la kawaida, huongeza kabamazepini katika damu.

Si kwamba virutubisho vyote ni adui. Madaktari wenyewe huwaandikia asidi ya foliki wanawake wa umri wa kuzaa wanaotumia kabamazepini. Tatizo ni siri: wagonjwa wengi hunyamaza wakihofia kukaripiwa, na daktari asiyeuliza kwa upole hataambiwa. Ni vyema mgonjwa abebe kopo lenyewe kliniki, kwa kuwa jina la kibiashara pekee halionyeshi kilichomo.

Aliyekwisha kuchanganya asiikatize dawa ya hospitali kwa uamuzi wake. Ugonjwa huweza kurudi. Amwone daktari au mfamasia siku hiyohiyo, na akipata homa, mtetemeko au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.