Shairi Fupi la Goethe: Mizani na Sauti Zake

Sisi tuliozoea tenzi tumefundishwa kuhesabu. Kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu hupatana kwa kina kimoja, na cha nne hurejea kwenye kina cha utenzi mzima. Mtungaji akipunguza mizani, wajuzi husema shairi lake ni guni. Leo twataka kulitazama shairi la Kijerumani ambalo kwa hesabu hiyo lingekataliwa, nalo ni miongoni mwa mashairi yapendwayo mno katika lugha ile.

Mtungaji wake ni Johann Wolfgang von Goethe. Mwezi wa Septemba mwaka 1780, akiwa na umri wa miaka 31, alilala katika kibanda cha mbao juu ya mlima Kickelhahn, karibu na mji wa Ilmenau, akaliandika ukutani kwa kalamu ya risasi. Wajerumani huliita Wandrers Nachtlied, yaani wimbo wa usiku wa msafiri.

Maneno yake ni 24 tu, katika mishororo 8. Mizani zake ni 6, 2, 5, 3, 4, 9, 5 na 4. Washairi wa Kijerumani hupima zaidi kwa mkazo wa sauti, lakini hata kwa kipimo hicho mishororo hii hailingani. Je, ni ovyo? La. Mshororo wa pili wataja utulivu, nao waishia kwa sauti ndefu ya "u". Msomaji hana budi kutua. Mshororo wa tano wataja pumzi ya upepo, nao waishia kwa sauti kama "kh" ya Kiarabu, ambayo yenyewe ni pumzi itokayo kinywani.

Sasa tuangalie vina. Mshororo wa kwanza wapatana na wa tatu, na wa pili na wa nne. Kisha mpango wageuka: wa sita wapatana na wa saba, na ule wa tano waachwa peke yake ukingoja mwenziwe hata mshororo wa mwisho. Na maana ndiyo hiyo hiyo. Vilele vya milima vimetulia, miti imetulia, ndege wamenyamaza. Binadamu peke yake hajatulia, naye aambiwa angoje, atapumzika vilevile. Sikio langoja kina kama moyo ungojavyo raha.

Mwezi wa Agosti mwaka 1831, siku moja kabla ya kutimiza miaka 82, Goethe alipanda tena mlima ule, akayasoma maandiko yake ukutani, akalia. Alifariki mwezi wa Machi mwaka 1832.

Hatusemi tuziache mizani zetu. Utenzi huchukua kisa kirefu, na mwendo ulio sawa humsaidia mwimbaji kukihifadhi. Shairi hili lachukua pumzi moja tu. Basi, kabla ya kuliita shairi guni, tuulize kwanza: mizani zake zatumikia nini?