Virusi vya zamani vinavyomsaidia kondoo kubeba mimba



Hapa Mboko kondoo na mbuzi ni akiba ya nyumba: mmoja huuzwa kwa minervali ya mtoto, mwingine kwa dawa. Wanyama hao wana jambo linalowatia wengi hofu wanapolisikia: ndani ya ADN yao mna mabaki ya virusi. Nasi pia tunayo; karibu asilimia 8 ya ADN ya mwanadamu ni mabaki hayo. Je, tumezaliwa wagonjwa?

Hapana. Kuna jamii ya virusi ambavyo huingiza maandishi yao katika ADN ya seli. Zamani sana baadhi yavyo viliingia katika mbegu ya dume au yai la jike. Mtoto aliyezaliwa akayabeba maandishi hayo, akawarithisha wazao wake. Kwa kupita vizazi vingi, mengi yameharibika na hayawezi tena kuleta ugonjwa.

Lakini mengine yanafanya kazi. Kondoo ana nakala zipatazo 27 zinazofanana na virusi vya uvimbe wa mapafu, ugonjwa ambao Waafrikana wa Afrika Kusini waliuita jaagsiekte, kwa kuwa mnyama huhema kama aliyefukuzwa. Mwaka 2006 watafiti walizuia kazi ya nakala hizo katika kondoo wenye mimba. Kondo la nyuma halikukua vizuri, na mimba zikatoka. Tena baadhi ya nakala hizo huvizuia virusi vya uvimbe vinavyotoka nje. Kwa wanawake pia, protini iitwayo sinsitini, iliyotokana na virusi vya kale, huunganisha seli za kondo la nyuma, ambalo kwalo mtoto hupata chakula na hewa toka kwa mama.

Basi, mama mwenye mimba asiogope habari hii. Lakini tusichanganye mambo: Mpox na surua si mabaki ya zamani. Hutoka nje na huambukiza. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mapema, na watoto wapate chanjo ya surua.

Yosefu aliuzwa na ndugu zake, na njaa ilipokuja yeye ndiye aliyewalisha. Mungu anajua kutumia hata kilichoingia kwa ubaya. Tumshukuru kwa kila mtoto anayezaliwa salama, nasi tufanye sehemu yetu kumlinda.